Shangazi wa Safari: "Wawili tu twaondoka" na barua zenu nyengine

Barua na meseji za mwezi huu karibu zote ni za safari. Idd imepita, shule zimefungwa na kufunguliwa, na kila aliyetoka Malindi kwenda Mombasa ama aliyepita Garsen kwenda Lamu naona amerudi na lake moyoni. Nimechagua chache, zinazofanana nimezijumlisha. Majina sijaandika, ya watu wala ya magari.

Salaam aleikum Shangazi. Mimi ni mama wa Muyeye. Nilikuwa na kliniki Mombasa saa tatu asubuhi, nikafika steji Malindi mapema sana, makanga akaniambia mama ingia wawili tu twaondoka. Nikaingia nikalipa. Gari kweli ilikuwa imejaa lakini kila akiingia abiria mmoja, mwengine anashuka, huyu anaenda kununua maji, yule anaenda kupokea simu, na hawarudi. Tumetoka saa moja na nusu, Mtwapa tukakwama, kufika kliniki nikaambiwa daktari ameshamaliza, tarehe nyengine ni miezi miwili mbele. Wale watu wa kushuka shuka ni kina nani? Na ni haki hii?

Waleikum salaam mwenzangu, na pole sana. Nauli inauma lakini hiyo miezi miwili ndiyo iliyonikaa mimi rohoni.

Wale ni vijana wa pale pale steji. Wanapewa kitu kidogo wakae kwenye viti ili gari ionekane ina watu, manake abiria akiona gari tupu hapandi, anakwenda kwa ile inayoonekana imebakisha wawili. Gari ziko kwenye foleni na dereva na makanga wengi hawana mshahara wa mwisho wa mwezi, jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari, wanaweka mafuta, wanalipa ada za steji na za sacco, kile chama cha wenye magari, kinachobaki ndio wanagawana. Kwa hivyo kiti kikienda tupu mpaka Mombasa ni wao kimewaponza na sio tajiri. Nakueleza hivi ujue wanavyofikiria, lakini kumwambia mgonjwa wawili tu na wewe unajua ni saba hiyo ni dhuluma, hakuna jina jengine, na mtu akikosa dawa kwa sababu yako unalo jukumu.

Sasa utawajuaje. Angalia mapajani na miguuni. Mtu wa Mombasa ana mkoba, ana mfuko wa karatasi wenye maembe, ana mtoto, ana kitu. Kijana wa steji mikono mitupu, mara nyingi amekaa karibu na mlango na anaongea na makanga kama jirani yake. Muulize wazi wazi kabla hujakaa, kaka waenda Mombasa? umelipa? Hakuna ubaya kuuliza, na ukiuliza kwa sauti ya kawaida wenzako ndani pia wanasikia na wanaanza kuuliza. Halafu usitoe nauli mpaka gari iwe imetoka steji. Ukitoa pesa mapema umefungwa, hata gari ya mbele ikijaa na kuondoka mbele ya macho yako huwezi kuhama kwa sababu kurudishiwa ni vita. Pesa ikiwa bado mkononi mwako wewe ndio mwenye neno. Pale wanapokata tiketi ofisini lipa ofisini, lakini hakikisha tiketi imeandikwa namba ya gari na saa.

Jengine ni hesabu ya saa, na hili nawaambia wote wenye kliniki, mahakama, mahojiano ya kazi. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120. Matatu kisheria haifai kupita kilomita 80 kwa saa, spidi gavana zimekuwepo tangu zile sheria za marehemu Michuki, waziri wa uchukuzi wakati ule, zilipoanza Februari 2004, kwa hivyo hata barabara ingekuwa nyeupe kabisa bila mtu huwezi kufika chini ya saa moja na nusu. Na hakuna siku ni nyeupe. Kuna kupakia Gede, kushusha Matsangoni, kusimama Kilifi watu wanunue korosho dirishani, Vipingo, Kikambala, halafu Mtwapa, na Mtwapa asubuhi mnaijua wenyewe tangu waanze kupanua ile barabara. Weka masaa matatu. Kliniki ya saa tatu asubuhi ni gari ya baada ya sala ya alfajiri, na kama yupo jamaa wa kulala kwake Kisauni ama Bamburi usiku wa kuamkia, kalale. Mabasi makubwa yanayotoka kwa saa yake pia yapo, kiti chake chaweza kuwa bei zaidi kidogo lakini basi halingoji abiria wawili.

Na ukiona umeshachelewa piga simu kliniki ukiwa bado njiani Kilifi. Nesi akijua unakuja anaweza kukuwekea faili pembeni, akishafunga daftari hawezi.

Shangazi mimi ni mwanafunzi Chuo Kikuu cha Pwani hapa Kilifi, kwetu ni Malindi. Ijumaa na Jumapili makanga hawataki watu wa Kilifi kabisa, wanasema Mombasa direct, na wakikubali wanataka nauli ya Mombasa nzima. Nikiwauliza wanasema kama hutaki shuka. Je wana ruhusa?

Mwanangu, siku za watu wengi ndio siku zao. Kiti ukikikalia wewe mpaka Kilifi wao wanaona nusu ya njia kitakuwa wazi, na Kilifi wakati huo magari yote yana nafasi kwa hivyo hawana hakika watampata mtu wa kukijaza. Jumanne hao hao watakuita kwa jina.

Usipigane nao hapo steji kuu. Panda zile zinazofanya Malindi na Kilifi peke yake, zipo, zinasimama simama sana lakini haziulizi maswali. Ama toka steji na tuktuk usimame barabarani mbele, gari ambayo imetoka na kiti kimoja hakijajaa itakuchukua kwa bei ya kusikizana kwa sababu hapo wewe ndio unawasaidia. Bei mkubaliane mlangoni, mguu mmoja bado uko chini, na urudie kwa sauti, "Kilifi mia mbili sio?", wenzako wasikie.

Ruhusa ya kupandisha nauli siku za sikukuu, kusema kweli hakuna anayewapangia bei kila asubuhi, nauli ni soko, na ndio maana nawaambia ulizeni kabla. Ila kukutoza bei moja ukipanda na nyengine ukifika, hapo hapana. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 46 kinamlinda mteja, na abiria ni mteja. Mkiwa watu watano mmetozwa hivyo andikeni namba ya gari, jina la sacco limechorwa ubavuni, muende ofisini kwao mkiwa watano. Mmoja wanamfukuza. Watano wanawapa viti.

Mimi ni kijana wa Malindi, mwezi uliopita nimeenda Lamu mara ya kwanza kwenye harusi. Shangazi ile safari! Tumesimamishwa na polisi sijui mara ngapi, kitambulisho nje, kitambulisho ndani, kuna mahali tumengoja magari mengine yafike ndio tuondoke pamoja, kufika Mokowe jua limezama watu wakanivamia wakachukua begi langu wakaliweka kwenye boti bila kuniuliza, nikalipa pesa nyingi kuvuka peke yangu. Kwani kila siku ni hivi?

Si kila siku, lakini mengi uliyoyaona yana sababu zake.

Ile barabara ya Garsen, Witu mpaka Mokowe imeona mambo. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 watu wa Lamu wameishi na marufuku ya kutembea usiku, magari kupangwa msafara na kusindikizwa na polisi, ukaguzi. Kuna vipindi inalegezwa na kuna vipindi inakazwa, na mnapongojeshwa mara nyingi ni kwa ajili hiyo, mwende pamoja. Najua inachosha. Lakini watu wamepoteza watoto wao kwenye njia ile, kwa hivyo mimi hapo sitakuunga mkono kulalamika. Kitambulisho kiweke mfuko wa shati sio ndani ya begi lililo kwenye buti, na usisafiri na mtu mzima asiye na kitambulisho ukitumaini mtapita, atashushwa na nyinyi wote mtangojea.

Kabla ya kuondoka Malindi uliza pia kuhusu mvua, na sio mvua ya Malindi. Mto Tana unajaa kwa mvua ya bara huko juu, hapa jua linawaka na kule maji yanapita juu ya lami. Novemba 2023 pale Lango la Simba maji yalikata barabara, mabasi yakasimama, watu wakavushwa kwa boti na bidhaa Lamu zikapanda bei. Watu wa mabasi wanajua, wapigie asubuhi ile ile ya safari, usitegemee habari za jana.

Mokowe sasa. Kuna aina mbili za kuvuka: boti ya abiria ambayo inangoja ijae na kila mtu analipa nauli yake ndogo, na boti ya kukodi peke yako ambayo unalipa boti nzima. Begi lako likishatangulia ndani ya spidi boti ya mtu umeshakodi bila kusema neno. Kwa hivyo shuka kwenye basi ukiwa umelishika wewe, useme naenda na boti ya abiria, na ufuate wenyeji, wale akina mama wenye mabuibui na watoto waliokuwa nawe kwenye basi, wao wanajua pa kukaa. Mchukuzi akikusaidia mzigo mpe haki yake, ile ndio kazi inayomlisha, lakini bei mwambiane kabla hajanyanyua. Boti ya kawaida ya injini ni kama nusu saa mpaka gatini Lamu mjini, spidi boti ni dakika chache tu. Jioni boti za abiria zinapungua, ndio maana ulibanwa. Safari nyengine toka Malindi mapema ufike Mokowe jua liko juu.

Na jaketi la kujiokolea uvae, hata kama limechakaa, hata kama wenyeji wanakucheka. Ukiona boti haina jaketi za kutosha ama imelala upande kwa mzigo, shuka ungoje ya pili. Mkondo wa bahari haujui kama wewe unajua kuogelea.

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Faza mwaka huu nimetoka bara. Boti za kwenda Lamu zinanitesa. Jana saa mbili, leo saa tatu, kesho naambiwa saa nne, kuna siku nimeamka saa tisa usiku. Nikiuliza ratiba watu wanatazama mwezi. Nimekosa mkutano ofisi ya elimu, nikaonekana mzembe.

Waleikum salaam mwalimu. Umeeleza vizuri na nimefurahi umeandika, manake walimu wengi wanaohamishiwa visiwani hawaambiwi haya.

Watu wanatazama mwezi kwa sababu ratiba iko huko. Boti za kisiwa cha Pate, iwe ni Faza, Siyu au Kizingitini, kuja Lamu zinapita mlango wa Mkanda, ule wembamba kati ya Manda na bara, na maji yakitoka, mahali pa kina kifupi boti yenye mzigo haipiti, inakaa kwenye mchanga mpaka maji yarudi. Nahodha hawezi kukupa saa ya ukutani, anakupa saa ya maji. Maji yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Ndio hiyo mbili, tatu, nne unayoiona, hakuna anayekuchezea.

Chukua hesabu hii uiandike nyuma ya daftari la somo. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani tarehe mosi na tarehe 15 za Kiislamu, ni bamvua: maji yanajaa sana kama saa kumi hivi alfajiri na tena saa kumi alasiri, na kama saa nne asubuhi yametoka kabisa, utaona miamba. Kutoka hapo ongeza dakika 50 kila siku. Siku nne baadaye ni saa moja na kitu. Ikifika wiki yake, mwezi nusu, ni maji mafu, yanajaa kama saa nne asubuhi na hayapandi sana wala hayashuki sana. Ukijua tarehe ya mwezi unajua siku gani waweza kwenda na kurudi Lamu siku hiyo hiyo na siku gani lazima ulale. Faza mtoto wa darasa la nne ataifanya hiyo hesabu kwa kichwa, muulize, atafurahi kumfundisha mwalimu wake.

Njia nyengine ni kupitia Mtangawanda, hapo hapo kisiwani Pate, kule gati liko kwenye maji marefu zaidi, halafu unamalizia kwa bodaboda mpaka Faza. Kwa pesa unatoa zaidi na vumbi utalila lakini siku ya mkutano inafaa. Miezi ya kusi, Aprili mpaka kama Septemba, upepo una nguvu na bahari ya nje ni chafu, nahodha akikwambia leo haiendeki mwalimu mwamini, usimsukume.

Na ofisi ya elimu, nawaandikia na wao hapa: mkutano mkiitisha saa mbili asubuhi siku ya bamvua mnamlaza mwalimu wa Faza, wa Kizingitini na wa Mbwajumwali Lamu mjini kwa pesa yake mwenyewe. Tazameni mwezi kabla ya kuandika barua. Hilo halina gharama hata senti.

Shangazi, asubuhi tunapanda na wale wamama wa samaki kutoka Malindi kwenda Kakoneni na mashambani. Harufu! Maji ya samaki yanamwagikia viatu. Kwa nini wasikatazwe?

Hapana, wasikatazwe. Wale kina mama wanaamka wakati wewe umelala, wanagombania samaki ufukweni na matajiri wenye friza, wanapeleka mboga mahali ambapo bila wao mtoto hali samaki. Wanalipa nauli kama wewe na mara nyingi wanalipia na ndoo.

Linalofaa kudaiwa ni ndoo yenye kifuniko, na ikae kwenye keria ama nyuma, na hilo ni kazi ya makanga kulipanga wakati wa kupakia, sio yako kumkunjia mama wa watu uso njia nzima. Mwambie makanga kabla gari haijatoka.

Mzee wa Mambrui anauliza: muziki mkubwa na video za uchi uchi ndani ya gari, nimekaa na wajukuu, nifanyeje?

Mzee wangu, mwambie dereva sio makanga, redio iko mkononi mwa dereva. Mwambie mapema, kabla hamjafika darajani Sabaki, na umwambie kwa heshima kuna watoto. Wengi wanapunguza. Asiyepunguza usimpande tena na uwaambie jirani zako pale msikitini, Mambrui sio mji mkubwa, maneno yatamfikia.

Nimempa kondakta elfu moja nauli mia moja, akasema chenji baadaye. Nimeshuka Gede akili ikiwa kwa mtoto, gari ikaondoka na mia tisa zangu. Mwengine hapa chini anasema alituma kwa simu, kondakta akakana hajapata.

Noti kubwa zivunje kabla ya steji, nunua hata maji. Kama huna budi, mpe huku ukisema "elfu hii, nadai mia tisa" jirani yako asikie, na anza kuidai mkifika nusu ya njia, usingoje kushuka, kwa sababu wakati wa kushuka yeye anaharakisha na wewe una mtoto na mizigo. Wengine huandika deni kwenye karatasi, hata hiyo mdai.

Ya simu, hakikisha unatuma kwa namba iliyobandikwa ndani ya gari na sio namba anayokusomea kutoka kichwani, na meseji usiifute mpaka ufike nyumbani. Kama mia tisa zimeondoka na unajua gari, rudi steji siku hiyo hiyo jioni, ile gari italala mahali, na mwenye foleni pale steji anajua ni ipi. Siku ya pili ni vigumu.

Shangazi, mimi ni msichana nafanya kazi hoteli Watamu. Kila siku nikipanda gari Gede makanga ananishika kiuno ati ananisaidia kupanda. Nikimwambia aache ananitusi, abiria wananyamaza. Naogopa kubadilisha maana ni gari hizo hizo.

Mwanangu, hukufanya kosa lolote, nguo zako hazihusiki na usikubali yeyote akwambie hivyo. Kumshika mtu mwili wake bila ridhaa ni kosa la jinai, kupandisha abiria kunahitaji mlango tu.

Mara nyengine sema kwa sauti yenye kusikika na utaje kitendo, "usinishike kiuno". Ukisema "aache" wengine hawajui aache nini. Chukua namba ya gari na saa, uandike. Mwambie mwenzako wa kazini mpande pamoja, nina hakika sio wewe peke yako anayekufanyia. Kisha mwende kwa mwenyekiti wa sacco, na akiwageuza mwende polisi kwenye dawati la jinsia, wawili watatu kwa pamoja.

Na nyinyi abiria mnaonyamaza. Yule ni mtoto wa mtu, anakwenda kutafuta riziki. Mwanamume mmoja mzima akisema "wewe muache dada apande" makanga anarudisha mkono saa hiyo hiyo, nimeliona likitokea. Mnangoja nini?

Natembea kwa magongo tangu ajali ya miaka mingi. Naishi upande wa Gongoni, nafanya kazi ya kushona Malindi mjini. Gari zinaniona barabarani zinaongeza mwendo. Zikisimama makanga anasema nitawachelewesha, au nilipe viti viwili kwa sababu ya magongo, au magongo yafungwe juu. Bodaboda kila siku siwezi, pesa yote ya kushona itaishia njiani. Sitaki kuonewa huruma Shangazi, nataka kufika kazini.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia tena usiku.

Nianze na sheria, manake wewe umeomba kufika kazini na sheria imeshasema ufike. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote, na imetaja usafiri wa umma kwa jina. Kwa hivyo anayekutoza viti viwili kwa ajili ya magongo anakutoza kwa ajili ya miguu yako, na hana ruhusa hiyo. Dakika moja ya kukungoja upande ni sehemu ya kazi yake kama vile kumngoja mama afunge mtoto mgongoni.

Najua sheria haisimamishi gari Gongoni saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hivyo haya pia. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina maafisa wake kwenye kaunti, jisajili kama hujajisajili upate kadi, na kadi hiyo itembee na wewe. Nenda ofisi ya sacco inayofanya njia yako siku ambayo huna haraka, pamoja na mtu wa kukusindikiza, uongee na mwenyekiti mwenyewe sio vijana wa mlangoni, umwambie nasimama mahali fulani saa fulani kila siku ya kazi na nauli yangu kamili ninayo. Abiria wa kila siku ni hesabu ya uhakika, wenye magari wanaelewa lugha hiyo haraka kuliko ya katiba. Omba upewe namba za madereva wawili watatu. Wapo madereva wenye utu njia ile, ukipata wawili umepata wiki nzima. Na ukikataliwa tena andika namba za gari na tarehe, niletee hapa, nitazipeleka mimi mwenyewe.

Madereva wa Malindi na Garsen mnaosoma ukurasa huu, mkimuona amesimama pale na magongo yake simameni. Mpeni kiti cha mbele ama cha karibu na mlango, nauli ya mtu mmoja. Na magongo yakae ndani pamoja naye, msiyafunge kwenye keria, kwa sababu mkifika Malindi na makanga ameshakimbilia abiria wengine, yeye hawezi kushuka kuyafuata.